Mlango Unaofungwa kwa Nje

Siku makala yake ilipotoka gazetini, Bi Swichi alinunua nakala mbili, moja ya kusoma na moja ya kuringia, akarudi nyumbani kwa mwendo wa maringo kama bibi harusi. Alijimiminia chai, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa maoni ya wasomaji. Ilikuwepo, chini upande wa kulia, na juu yake jina lake kamili pamoja na la baba yake, jina ambalo mtaani hakuna aliyelijua. Kila mtu alimwita Bi Swichi, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye mitambo ya simu, zama zile simu ya mbali ilipokuwa lazima iunganishwe na mtu. Alikaa na visikizi masikioni, huku anachomeka waya, kule anachomoa, na kazi ilipokwisha, jina likabaki.

Aliisoma makala hadi mwisho. Akaisoma tena kwa sauti, kana kwamba kuna mgeni sebuleni. Alikuwa anajiandaa kuisoma mara ya tatu simu ya mezani ilipolia.

"Haloo?"

Kimya.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Mtu alikuwepo. Hilo Bi Swichi hakuhitaji kuambiwa. Laini iliyokatika huwa kavu, na laini yenye mtu huwa na uhai fulani ndani yake, pumzi, nguo inayosugua kipokeo. Huyu alikuwa anapumua kwa shida, kama aliyepanda ngazi. Kisha simu ikawekwa chini, taratibu, bila kishindo.

Bi Swichi alibaki ameshika mkono wa simu. Chai ilipoa. Alilitazama gazeti, akaliona jina lake, na kwa mara ya kwanza halikumfurahisha. Lilikuwa kubwa mno.

Mambo haya yalianzia kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, ambako wazee kadhaa walikutana kila wiki kuandika. Mkutubi aliwabatiza Baraza la Mapengo, na wao wakalipenda jina hilo kuliko alivyotarajia. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu, aliyefundisha hesabu hadi macho yakamgomea. Mwalimu alikuwa na wimbo mmoja tu: watoto hawapigi kura, hawaandiki magazetini, hawana mtu wa kumpigia simu mkubwa fulani. "Sisi tunao muda," alisema, "na hatuna bosi wa kutufukuza kazi. Tuwasemee."

Wakawasemea. Dereva, mzee aliyezeekea kwenye malori, aliandika juu ya watoto wanaovuka barabara kuu kwenda shule kama kuku wanaofukuzwa, na haukupita muda mrefu pakachorwa mistari myeupe na tuta likajengwa. Tangu siku hiyo Dereva alikuwa hapiti mlangoni kwa jinsi kichwa kilivyomvimba.

Bi Swichi alikuwa hajapata la kuandika, hadi mjukuu wake alipokuja likizo.

Mtoto huyo walimwita Kasuku, na sababu yake mtu aliipata ndani ya dakika ya kwanza ya kukutana naye. Mama yake, binti pekee wa Bi Swichi, alikuwa muuguzi mwenye zamu zisizo na mwanzo wala mwisho, na baba alishatangulia mbele ya haki. Ndiyo maana Kasuku alipelekwa bweni. Jioni moja, Bi Swichi alipokuwa anasukuma komeo la mlango wake, mtoto akauliza, "Bibi, kumbe mlango wako unafungwa kwa ndani?"

"Sasa ufungwe wapi?"

"Wetu unafungwa kwa nje. Kufuli kubwa hivi. Matroni akishafunga anakwenda kulala kwenye nyumba yake, kule ng'ambo ya uwanja. Tukibanwa kuna ndoo."

"Na madirisha?"

"Yana nondo, wezi wasiingie."

"Na likitokea jambo, mjukuu wangu?"

Kasuku alimtazama bibi yake kwa macho safi kabisa. "Jambo gani?"

Kesho yake Bi Swichi aliipigia simu shule. Karani akasema atalifikisha. Akapiga tena; likawa bado linafikishwa. Likizo ikaisha, Kasuku akarudi bwenini, basi Bi Swichi akachukua kalamu.

Binti yake aliingia siku hiyohiyo ya gazeti, bado amevaa sare ya kazi, na hakusalimia. Kutosalimia kwake kulimtisha Bi Swichi kuliko ile simu.

"Mama, umefanya nini?"

"Sikuitaja shule."

"Hukuitaja! Umeandika 'shule moja ya bweni iliyoko barabara ya kiwandani, yenye geti la bluu.' Ulibakiza nini? Uchore ramani?"

"Mwanangu, wale watoto wakishikwa na moto mle ndani..."

"Najua! Mimi ndiye ninayewafunga bandeji wanaoungua, unanieleza mimi habari ya moto?" Alikaa, akavua kiatu kimoja, akasahau cha pili. Sauti ikashuka. "Mama, mtoto wangu yuko mikononi mwao. Jua likizama, wao ndio wenye ufunguo. Ulilifikiria hilo ulipokuwa unaandika?"

Bi Swichi hakuwa amelifikiria. Alikuwa amewafikiria watoto wote wa lile bweni kwa pamoja, akamsahau mmoja.

"Tumtoe leo," alisema.

"Tukimtoa leo tumewaambia ni yeye aliyesema. Na mtihani uko mlangoni. Asubuhi hii msichana wa mapokezi pale hospitali amenikaribisha kwa gazeti, ananiuliza kama hili jina si la mama yangu. Unadhani wao hawajui kusoma?"

Wakakubaliana kungoja. Haukuwa uamuzi, ni woga tu uliokosa pa kwenda.

Simu za kimya ziliendelea. Ilipigwa asubuhi, ikapigwa mchana, mtu anapumua kisha anakata. Bi Swichi alianza kuizunguka meza ya simu kama anayezunguka mbwa asiyemjua. Siku ya nne au ya tano hivi alijikaza, akanyamaza naye, akasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza zamani laini zenye kasoro. Nyuma ya ile pumzi akasikia chuma kikigongwa, ngaa, ngaa, ngaa, na baada yake kelele za watoto wengi wanaotoka kwa mkupuo.

Aliifahamu sauti ile. Ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya ofisi ya shule ya Kasuku, ambayo mlinzi aliipiga kwa nondo badala ya kengele.

Aliweka simu chini kwa mikono miwili. Kumbe wanampigia kutoka kulekule. Wanajua nyumba, wanajua namba, na wamenyamaza. Angetukanwa angejua la kufanya. Alishatukanwa na nusu ya nchi alipokuwa kazini. Lakini mtu anayepiga simu asiseme kitu, anataka nini?

Jumamosi ilikuwa siku ya watoto kupiga simu nyumbani wakiwa ofisini. Kwa kawaida Kasuku alianza kuongea kabla simu haijafika sikioni, na kumnyamazisha ilikuwa kazi ya mlinzi wa geti. Siku hiyo alisema:

"Bibi, shikamoo. Mimi ni mzima. Shule yetu ni nzuri na tunaipenda. Kwa heri."

"Kasuku! Mwanangu, umekula? Kuna mtu hapo karibu nawe?"

"Kwa heri, bibi."

Bi Swichi hakuvumilia tena. Alijifunga mtandio, akatoka na ndara za ndani, akarudi kubadilisha viatu, akatoka tena. Dereva alimkuta barabarani anatembea huku anaongea peke yake, akasimamisha kigari chake cha mizigo kinachokohoa kuliko mwenyewe.

"Unakwenda wapi na uso huo, bibi wewe?"

"Kumchukua mtoto."

"Panda."

Getini walimruhusu Bi Swichi peke yake. Dereva alizima gari ng'ambo ya barabara, akateremsha kioo, akasema kwa sauti ambayo mlinzi angeisikia, "Mimi sina haraka. Nitakaa hapa mpaka nitoe mizizi."

Mkurugenzi wa shule alikuwa mwanamume wa makamo, suti nadhifu, sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Alisimama alipomwona, akamvutia kiti, akammiminia maji. Gazeti lilikuwa mezani, limekunjwa kwenye makala yake, limepigwa mistari myekundu.

"Shikamoo, mama. Nilijua utakuja."

"Marahaba. Nimekuja kumwona mjukuu wangu."

"Utamwona. Wana vipindi vya ziada hadi mchana, tusimkatizie masomo. Kwanza tuzungumze kama mama na mwanawe." Akatabasamu. "Wazazi wawili wameshaniletea maneno. Watatu wameulizia nafasi shule nyingine. Mama, mimi nimeijenga shule hii tofali kwa tofali. Wewe unakaa maktaba, unakunywa chai na wastaafu wenzako, unanibomolea kwa kalamu. Ni haki?"

Bi Swichi aliweka kidole juu ya ile mistari myekundu. "Mlango ukifungwa kwa nje, watoto..."

"Nani kakuambia unafungwa kwa nje?"

Bi Swichi aliinua glasi ya maji, akairudisha mezani.

"Watoto husema mengi," alisema Mkurugenzi, bado anatabasamu. "Hasa wale waongeaji. Tunao mmoja hapa anaongea mno. Tunamjua. Na mtoto wa namna hiyo hupata tabu sana shuleni, mama, wenzake humchukia. Mimi nisingependa apate tabu." Akamsogezea karatasi tupu na kalamu. "Andika mistari michache tu. Kwamba ulipotoshwa, umefika, umejionea. Mimi mwenyewe nitaifikisha gazetini."

Bi Swichi aliitazama ile kalamu. Angeweza kuishika. Baadaye alikiri mbele ya wenzake kwamba mkono ulikuwa umeshaanza kwenda. Kilichomzuia hakikuwa ujasiri. Alitetemeka kiasi kwamba asingeweza kuandika hata herufi moja. Akasema jambo la kwanza lililomjia: "Siwezi kusema nimejionea na sijaona."

"Vizuri sana!" Mkurugenzi akasimama. "Twende ukaone. Mkoba uache tu hapo kitini, hakuna wa kuuiba." Alikuwa na wasiwasi mgeni wake atapiga picha kwa simu ya mkononi. Simu ya Bi Swichi ikabaki mkobani, na simu ya Mkurugenzi ikabaki mezani, imechomekwa kwenye chaji.

Ilikuwa saa ya mapumziko, na uwanja ulijaa watoto. Bi Swichi aliwapekua kwa macho, asimwone wake. Bweni la wasichana lilikuwa jengo refu nyuma ya madarasa, lenye mlango mmoja wa bati nene. Mlango ulikuwa wazi, umeegeshwa ukutani, na Mkurugenzi akauonyesha kwa mkono kama muuza nyumba. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa dawa ya kung'arisha, wakavua viatu pale kizingitini. Ndani vitanda vya ghorofa vilipangwa pande zote mbili, vimebanana hivi kwamba mtu alipita kwa ubavu. Mkurugenzi alimpeleka moja kwa moja hadi mwisho kabisa, kwenye mabafu, kumwonyesha mabomba mapya. Alikuwa akiyafungua moja baada ya jingine, maji yanavuma kwenye ndoo, wakati rimu ilipogongwa nje.

Hata kishindo cha mlango hawakukisikia vizuri. Walichosikia, Mkurugenzi alipofunga bomba la mwisho, ni chuma kikijibana ndani ya chuma. Ka!

"Ni nini hicho?" aliuliza Bi Swichi, ingawa alijua.

Mkurugenzi alitembea haraka hadi mlangoni, akausukuma. Akausukuma tena kwa bega. "Matroni!" aliita, kwa sauti ya kazi. "Wewe Matroni! Fungua!"

Hakuna aliyejibu. Madarasani watoto walianza kuimba jedwali la kuzidisha, darasa zima kwa sauti moja, na darasa la pili likafuata na shairi, na la tatu na sijui nini. Mkurugenzi aligonga kwa ngumi. Aligonga kwa kiganja. Kelele zake zilimezwa zote.

"Amri ni kufunga wakati wa masomo," alisema bila kumtazama, "wasitoroke vipindi. Atapita sasa hivi."

Hakupita. Jua lilikuwa limekaa juu ya bati, na chumba kikaanza kuchemka. Bi Swichi alikwenda dirishani, akashika nondo. Nje kulikuwa na ukuta wa shule tu na kichaka cha majani makavu. Akajaribu dirisha la pili, la tatu. Alipogeuka, macho yalimwangukia kitanda cha pembeni kabisa, cha juu, chenye shuka ya maua ambayo yeye mwenyewe aliishona pindo. Ndicho cha Kasuku. Hakikuwepo kitanda kingine kilicho mbali na mlango kuliko kile.

Ndipo moshi ulipoingia.

Kwanza ulikuwa harufu tu. Kisha ukaonekana, mwembamba, unapenya dirishani kama kitambaa. Kisha ukawa mwingi. Mkurugenzi aliukazia macho, na Bi Swichi akaona uso wa yule mtu ukibadilika, tabasamu, upole, ukubwa, vyote vikamwagika, akabaki binadamu mtupu.

"Moto," alisema. Kisha akapiga yowe. "Moto! Moto jamani! Tunaungua! Fungueni!"

Alirukia nondo za dirisha akazitikisa. Aling'oa ubao wa kitanda, akaupiga mlangoni hadi ukavunjika, mikono ikachubuka, akaendelea kupiga na kipande. Alikuwa analia kwa sauti, anamwita mama yake. Bi Swichi naye alikuwa anapiga kelele. Hakujua anasema nini. Macho yalimwasha, kifua kilibana. Katika kuchanganyikiwa huko alikumbuka binti yake alivyozoea kusema kwamba moshi huua kabla ya moto. Akarudi mabafuni anajigonga vitandani, akauchovya mtandio ndani ya ndoo, akaurarua kwa meno vipande viwili. Kimoja akakiziba puani. Cha pili akampa Mkurugenzi.

"Lala chini," alimwambia. "Chini kabisa. Jizibe."

Alimtii kama mtoto. Wakalala kifudifudi kwenye sakafu inayonukia dawa, bega kwa bega, na yule mtu akaushika mkono wa Bi Swichi akaubana mpaka ukauma. Hivyo ndivyo walivyokuwa mlango ulipofunguka.

Mwanga uliwapofua. Matroni alisimama kizingitini, mwanamke mwembamba wa umri kama wa binti yake Bi Swichi, ufunguo mkononi, anatetemeka mwili mzima. Nyuma yake walikuwepo walimu, na nyuma ya walimu watoto, uwanja mzima wa watoto, wamenyamaza.

Hapakuwa na moto. Mpishi alikuwa anachoma takataka na majani mabichi nyuma ya jiko, na upepo ukageuka. Ni hilo tu.

Mkurugenzi alinyanyuka. Machozi na jasho vilikuwa vimemchora usoni, soksi moja imetoboka kidole. Aliwatazama watoto, watoto wakamtazama. Alipita katikati yao na soksi zake hadi ofisini, akajifungia.

Bi Swichi alikaa kizingitini anakohoa, na kitu kikamgonga kifuani karibu kumwangusha. Alikuwa Kasuku. Hakusema chochote, alimng'ang'ania tu. Waliondoka hivyohivyo, wameshikamana, karani akampitishia mkoba wake dirishani bila kuinua macho, na mlinzi akafungua geti la bluu kabla hajaombwa.

Garini, katikati ya Bi Swichi na Dereva, mtoto aliitazama barabara hadi shule ikapotea nyuma yao. Kisha yakaanza kutoka.

"Walitupigisha magoti uwanjani, bibi. Bweni zima. Wakauliza nani amemwaga mtama. Wakasema mpaka atajwe. Na wote wanajua ni mimi, niliwaambia mwenyewe kwamba nilikwambia. Hakuna aliyenitaja. Hata yule tuliyegombana naye. Alilia magoti yakimuuma, lakini hakusema."

Bi Swichi aligeukia dirisha ili mtoto asimwone.

Jioni ile binti yake alimkumbatia Kasuku, akamkagua mwili mzima kama mgonjwa wa zamu, akamweka kitandani. Kisha akamwambia mama yake, "Sasa basi, mama. Umemrudisha mzima. Isiandikwe hata herufi nyingine." Na Bi Swichi akasema ndiyo, kwa moyo wote. Alikuwa ameshiba woga.

Ila woga haukuwa umeshiba. Baada ya siku chache gari jeusi lilisimama nje. Akashuka mtu asiyemfahamu, miwani ya jua, mswaki mdomoni. Hakuingia. Aliegemea ukuta wa kibaraza akaitazama nyumba juu hadi chini.

"Nyumba ya zamani hii, mama. Na nyaya za umeme za zamani pia, sivyo?" Akautoa mswaki. "Kuweni waangalifu. Nyumba za namna hii huwaka upesi."

Akarudi garini. Bi Swichi alizima umeme wa nyumba nzima, na kwa siku kadhaa yeye na Kasuku walikaa na taa ya betri.

Alikwenda maktaba kuwaaga. Aliwaeleza wenzake yote, la kalamu na la mtu wa mswaki, akasema yeye na kuandika basi. Alitegemea Mwalimu atamhubiria. Mwalimu alivua miwani yake minene, akaifuta, akasema tu, "Una haki. Mimi ningekuwa nimeshahama mji."

Wakakaa. Hakuna aliyegusa chai.

"Lakini wale waliobaki mle ndani," alisema Bi Swichi, na hakumaliza. Alikuwa anamwona yule msichana aliyegombana na mjukuu wake, ambaye hakumfahamu hata kwa sura, amepiga magoti juani.

Dereva alikohoa. "Jina moja ni rahisi kulitisha. Mswaki wa yule bwana utaisha akizunguka nyumba zetu zote. Hebu liandike, tuweke majina yote."

"Mke wako atasema nini?" aliuliza Mwalimu.

"Mke wangu ananitisha kila siku, nimeshazoea."

Walicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. Kisha Bi Swichi akaandika, na safari hii hakuandika juu ya sheria wala usalama. Aliandika kilivyo chumba kile ukiwa ndani: joto la bati, nondo, jedwali la kuzidisha, kitanda cha mwisho. Kulia kwa Mkurugenzi hakukuweka. Mwalimu alishangaa. "Alikuwa anaogopa tu," alisema Bi Swichi. "Hilo si kosa lake." Wazee wote wa Baraza la Mapengo wakatia majina yao chini, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyetia kwa mkono uliotulia.

Makala ilitoka. Wiki ile hakuna aliyelala vizuri. Wakaguzi wa elimu walifika shuleni na watu wa zimamoto, wakazikuta kufuli. Zikaondolewa mbele ya macho yao, yakawekwa makomeo ya ndani, nondo za madirisha mawili zikafanywa za kufunguka, na kitanda cha mtu mzima kikaingizwa karibu na mlango. Shule haikufungwa. Mkurugenzi bado ni Mkurugenzi. Kasuku hakurudishwa, jina lake lilikuwa limeshafutwa, na mtihani mwaka ule hakufanya. Alirudia darasa kwenye shule ya kutwa, akiwa mrefu kuliko wenzake. Mama yake alimsamehe Bi Swichi polepole, kwa mafungu, kama anayelipa deni.

Na mtu wa mswaki? Hakuonekana tena. Lakini Bi Swichi hakuacha kumtazamia.

Kisha mchana mmoja simu ya mezani ikalia, na ikawa ile pumzi. Safari hii Bi Swichi alisema, "Sema unalolitaka. Nimechoka kukuogopa."

"Ni mimi," sauti ya mwanamke ilisema. "Matroni."

Ndiye aliyekuwa akipiga, tangu mwanzo. Kila alipobaki peke yake ofisini aliinua simu ili aseme, na kila alipoisikia sauti ya Bi Swichi maneno yalimkwama. Alitaka kumwambia kwamba mwaka uliopita msichana mmoja aliwasha mshumaa asome, godoro likashika moto, watoto wakauzima kwa maji ya ile ndoo na kwa mikono yao. Yeye alipolisema kwa mkubwa wake aliambiwa kazi ziko chache, afunge mdomo na mlango.

"Kuna jingine," alisema. "Siku ile viatu vyenu niliviona."

Bi Swichi alitafuta kiti.

"Nilijua mko ndani. Nilitaka ajue kukoje, dakika chache tu. Nilikaa kwenye ngazi na ufunguo wangu. Mlipolia moto nikainuka, mikono ikanitetemeka, ufunguo ukaanguka majanini. Nikautafuta, mama. Nikautafuta sioni. Nilidhani nimewaua."

Kwa muda laini ilikuwa na pumzi mbili. Bi Swichi alikuwa na hasira, na alikuwa na huruma, na juu ya vyote alikuwa ameogopa upya, kwa jambo lililokwisha. Mwishowe akauliza, "Bado uko kazini?"

"Nimeacha."

"Alhamisi tunakutana maktaba, chumba cha nyuma. Njoo."

Alikuja, amechelewa, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango kama anayejiandaa kukimbia. Mwalimu akampa karatasi. Dereva akamsogezea chai. Aliishika kalamu kwa muda mrefu, kisha akainua uso.

"Ni lazima niweke jina langu?"

Wazee walitazamana. Kila mmoja alilijua jibu la kishujaa, na hakuna aliyelitoa. Bi Swichi alivuta kiti chake, akaketi kati ya yule mwanamke na mlango, kama kumkinga na yeyote atakayeingia.

"Andika kwanza kuhusu lile godoro," alisema. "Anza na yule msichana, alikuwa anasoma nini."

Matroni akainama, akaanza.